Madoa Madogo kwenye Ini na Altrasaundi ya Masafa ya Juu: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Haya ndiyo maswali ninayokutana nayo chumba cha altrasaundi kila siku. Mengi huulizwa mgonjwa akiwa anafuta jeli tumboni, mengine huulizwa mlangoni na ndugu aliyeshika bahasha ya majibu. Pale ambapo jibu fupi humwacha mtu na hofu, nimeeleza kwa urefu.

Altrasaundi ya masafa ya juu ni mashine nyingine?

Mara nyingi ni mashine ileile. Kinachobadilika ni probu, yaani kile kichwa kinachopakwa jeli na kutembezwa mwilini. Probu ya tumbo ina uso uliobinuka na hufanya kazi kwenye masafa ya megahezi 2 hadi 5 hivi, yaani mitetemo ya sauti milioni 2 hadi 5 kwa sekunde. Probu bapa, ile tunayopimia tezi ya shingo, matiti na mishipa ya damu, huanzia kama megahezi 7 na kufika 15, na nyingine huvuka hapo. Ukisikia ini limepimwa kwa masafa ya juu, maana yake mpimaji alimaliza kazi na probu ya tumbo, akaiweka chini, akachukua ile bapa na kurudia sehemu ya ini iliyo karibu na ngozi. Ni kama dakika tano za ziada. Vituo vingi vyenye altrasaundi vinayo probu hiyo tayari, imening'inia ubavuni mwa mashine. Inakaa tu pale kwa sababu mazoea yetu ni kwamba tumbo lina probu yake.

Kwa nini probu bapa ione kitu ambacho ya tumbo imekikosa?

Kwa sababu mbili. Ya kwanza ni urefu wa wimbi. Sauti hupita katika nyama laini ya mwili kwa kasi ya takriban mita 1540 kwa sekunde. Kwa megahezi 3.5 wimbi moja lina urefu wa milimita 0.44, na kwa megahezi 10 lina milimita 0.15. Wimbi likiwa fupi, mashine hutenganisha vitu vilivyokaribiana sana. Doa la ukubwa wa punje ya choroko, ambalo probu ya tumbo inalimezea katika ukungu wa ini, hupata ukingo, umbo na rangi yake.

Ya pili haizungumzwi sana, na kwa maoni yangu ndiyo kubwa zaidi. Probu ya tumbo haioni vizuri karibu. Sentimita mbili tatu za mwanzo hujaa mwangwi unaodundadunda kati ya probu, ngozi na misuli. Kwa mtu mwembamba, uso wa ini uko palepale kwenye ukungu huo. Kwa hiyo doa likiwa chini tu ya ganda la ini linaweza kukosekana si kwa sababu liko mbali, bali kwa sababu liko karibu mno.

Basi kwa nini msitumie hiyo bapa peke yake?

Umewahi kulala jirani na nyumba yenye harusi? Usiku wa manane unasikia besi ikigonga ukutani, lakini sauti nyembamba za kinanda na waimbaji zimeishia njiani. Mwili hufanya vivyo hivyo: masafa ya juu yanaliwa upesi.

Kanuni tunayofundishwa ni kwamba mwangwi hupoteza takriban desibeli 0.5 kwa kila sentimita kwa kila megahezi, na njia ni ya kwenda na kurudi. Chukua doa lililo kina cha sentimita 5. Probu ya megahezi 3.5 itapoteza desibeli 17.5, yaani inarudi sehemu moja kati ya hamsini na kitu ya nguvu iliyotumwa. Probu ya megahezi 10 itapoteza desibeli 50, na hapo inarudi sehemu moja kati ya laki moja. Ini la mtu mzima linaweza kufika kina cha sentimita 15 na zaidi. Mpimaji anayetumia bapa peke yake ameona gome la mti tu, shina lenyewe hajaliona.

Ndiyo maana mpangilio ni mmoja: probu ya tumbo kwanza, ini zima, ndipo bapa ifuate kwa zile sentimita tano sita za juu.

Doa dogo kiasi gani linaweza kuonekana?

Inategemea liko wapi, linatofautiana vipi na ini linalolizunguka, na wewe una mwili gani. Kivimbe cha maji cha milimita 3 kilicho karibu na uso wa ini huonekana waziwazi kwa probu bapa, kwa kuwa maji ni meusi tii na ini ni kijivu. Uvimbe mgumu wa milimita 8 wenye rangi inayokaribiana na ini unaweza kupita machoni pa mtu mwenye uzoefu.

Naomba unieleze kwa mfano. Inakuwaje hasa?

Alikuja kijana mmoja, dereva wa bodaboda, miaka thelathini na kitu, ana homa ya ini aina ya B na anahudhuria kipimo chake cha kila miezi sita. Hana maumivu, anafanya kazi, amekuja na kofia yake ya pikipiki mkononi. Kwa probu ya tumbo ini lilionekana zuri, isipokuwa sehemu moja kati ya mbavu za kulia ambapo kijivu kilikuwa hakijatulia. Sikuweza kusema kuna kitu, wala sikuweza kusema hakuna.

Nikabadilisha probu. Nikamlaza ubavu wa kushoto, mkono wa kulia juu ya kichwa ili mbavu zifunguke, nikamwomba avute pumzi na kuibana. Kwenye skrini ganda la ini lilikuja kama uzi mweupe ulionyooka. Chini yake, kama sentimita moja na nusu, likakaa doa jeusi la mviringo. Alipoachia pumzi likateleza pamoja na ini, kwa hiyo lilikuwa la ini kweli, si kivuli cha ubavu. Nililipima mara tatu: milimita 8.

Kwa ukubwa huo hakuchomwa sindano ya kuchukua kinyama wala hakuambiwa ana saratani. Aliambiwa arudi baada ya miezi minne. Aliporudi doa lilikuwa milimita 11, akapelekwa CT (picha za eksirei za tabaka kwa tabaka) yenye dawa ya kung'arisha mishipa, na picha zikaonyesha saratani ya ini ikiwa bado changa. Alitibiwa ingali hivyo. Namkumbuka kila ninapotaka kuacha probu bapa ining'inie kwa sababu foleni ni ndefu.

Nimeambiwa nina doa chini ya sentimita moja. Ni saratani?

Uwezekano mkubwa si saratani, hata kwa mtu mwenye makovu ya ini. Madoa mengi ya ukubwa huo ni vinundu vya ini linalojitengeneza upya, vivimbe vya maji, vifundo vya mishipa ya damu, au sehemu zenye mafuta zaidi ya nyingine.

Lakini "si saratani" na "sahau" ni maneno mawili tofauti. Kama una makovu ya ini au homa ya ini B ya kudumu, doa la chini ya milimita 10 hurudiwa kwa altrasaundi baada ya miezi 3 hadi 4 hivi. CT na MRI (picha za sumaku) nazo hupata shida kulitambua doa dogo namna hiyo, na sindano inaweza kulikosa. Muda ndio unaosema: likikua, linafuatiliwa kwa nguvu zaidi, likibaki vilevile, utarudi kwenye ratiba yako.

Watu wengi hupotelea hapa. Hawaumwi, nauli ni ndefu, miezi minne inageuka mwaka. Tafadhali, ukipewa tarehe hiyo, iandike ukutani.

Na likiwa milimita 10 au zaidi?

Kwa mtu mwenye makovu ya ini au homa ya ini B, hapo tunatoka kwenye altrasaundi ya kawaida na kwenda CT au MRI yenye dawa ya mishipa, picha zikipigwa kwa awamu kadhaa. Saratani inayoanzia kwenye ini hunywa damu ya ateri: hung'aa mapema kuliko ini, kisha hufifia ini likiendelea kung'aa. Tabia hiyo ikionekana wazi kwa mgonjwa wa kundi hili, madaktari wanaweza kuthibitisha saratani bila kuchukua kinyama.

Uvimbe mmoja usiozidi sentimita 2 unaweza kuondolewa kwa upasuaji au kuunguzwa kwa sindano maalumu, kwa lengo la kuponya kabisa. Ndiyo maana tunahangaika na milimita.

Ripoti yangu inasema doa jeupe, huenda ni "hemanjioma". Nini hicho?

Ni kifundo cha mishipa midogo ya damu, na ndio uvimbe usio wa saratani unaopatikana zaidi kwenye ini. Huonekana mweupe, una ukingo uliokatika vizuri. Kwa mtu mwenye ini zima, asiye na historia ya saratani, doa la namna hiyo lisilofika sentimita 3 kwa kawaida halihitaji kipimo kingine wala dawa.

Kwa mwenye homa ya ini B au makovu, sikubali neno "huenda". Saratani changa nayo inaweza kuwa nyeupe. Kwake doa jeupe ni doa hadi lithibitishwe.

Nani anahitaji kupimwa ini kila miezi sita?

Mwenye makovu ya ini, yawe yametokana na pombe, homa ya ini B au C, mafuta au sababu nyingine. Na hapa kwetu Afrika kuna kundi ambalo halipaswi kusubiri makovu: watu wenye homa ya ini B ya kudumu. Virusi hivi vinaweza kuleta saratani kwenye ini ambalo halijasinyaa, na kwetu huwapata watu wakiwa katika miaka ya thelathini na arobaini, wana watoto wadogo na kazi. Ukiwa na ndugu wa damu aliyefariki kwa saratani ya ini, mwambie daktari, kwa kuwa hilo linaweza kuwahisha ratiba yako.

Chanjo ya homa ya ini B iliingia kwenye chanjo za watoto wachanga Kenya mwaka 2001 na Tanzania mwaka 2002. Aliyezaliwa kabla ya hapo, kwa kawaida hakuchanjwa utotoni. Kipimo cha damu ni kidogo, na ndicho kinachoamua kama unahitaji altrasaundi za mara kwa mara au unahitaji chanjo tu.

Sumukuvu, ile sumu ya ukungu wa nafaka, nayo huongeza hatari, hasa ikikutana na homa ya ini B. Tunaikumbuka kwa vifo vya ghafla, kama mlipuko wa Kenya mwaka 2004 ambapo watu 317 waliugua na 125 wakafariki, na ule wa Dodoma na Manyara mwaka 2016. Lakini ile inayolea saratani ni ya kidogokidogo, ya mahindi na karanga zilizoota ukungu zinazoliwa mwaka hadi mwaka.

Altrasaundi ikisema ini liko sawa, niamini kiasi gani?

Iamini, lakini usiifanye ya mwisho. Uchambuzi mmoja uliochapishwa mwaka 2018, ulioweka pamoja tafiti nyingi za wagonjwa wenye makovu ya ini, ulikuta altrasaundi inapata asilimia 84 ya saratani za ini kwa ujumla, lakini zile za hatua ya mwanzo asilimia 47 tu. Ikiongezwa kipimo cha damu cha AFP (protini ambayo saratani ya ini huweza kuipandisha), zile za mwanzo zilifika asilimia 63. Kwa hiyo ukiandikiwa vyote viwili, fanya vyote viwili. AFP peke yake haitoshi pia, kwani vivimbe vidogo vingi haviipandishi.

Yapo maeneo yanayotusumbua: kilele cha ini chini ya kiwambo (msuli wa kupumulia), ambako pafu hulifunika, na ncha ya kushoto ambako gesi ya tumbo huingilia. Probu bapa haisaidii huko. Ini lenye mafuta mengi nalo hula sauti, sehemu ya nyuma ikabaki giza. Ripoti nzuri hulisema hili. Katika LI-RADS, mfumo wa kuripoti picha za ini, picha hupewa alama A, B au C, na C maana yake ini halikuonekana vya kutosha. Ukipata C, muulize daktari wako kama ungehitaji CT au MRI. Kutokuona doa kwenye ini lisiloonekana si habari njema.

Naishi kando ya Ziwa Viktoria. Kichocho kinaweza kuonekana kama uvimbe?

Ndiyo, na makosa hutokea. Kichocho cha tumbo huacha kovu kuzunguka matawi ya mshipa unaoleta damu ya utumbo kwenye ini. Tawi likikatwa kwa upana kwenye picha, huonekana kama pete nyeupe, na mtu asiyezoea ataandika "madoa meupe mengi". Dawa ya kosa hilo ni mkono tu: zungusha probu robo duara. Pete ya kichocho hurefuka ikawa bomba, doa la kweli hubaki duara. Kuna utaratibu uliokubaliwa wa kusoma picha hizi, uliotokana na mkutano wa Niamey, Niger, ambapo kila mwonekano una herufi yake kuanzia A.

Mwambie mpimaji kama umekulia Ukerewe, Mbita au kisiwa chochote cha ziwa hilo, hata kama sasa unaishi Dubai au Toronto. Mpimaji wa huko ulipo huenda hajawahi kuiona pete hiyo.

Wafugaji na tegu wa mbwa?

Turkana ni miongoni mwa sehemu ambako vivimbe vya maji vya tegu huyu vilipatikana kwa wingi mno, na katika miaka ya 1980 shirika la afya la AMREF lilibeba altrasaundi ndogo hadi kwa wafugaji wenyewe kuvitafuta. Kivimbe hiki kikiwa kidogo hufanana na kivimbe cha maji cha kawaida kisicho na madhara. Probu bapa ikifika, inaweza kuonyesha ukuta wa tabaka mbili, na hiyo ni dalili ya tegu. Tofauti hii ni ya maana sana, kwa sababu kivimbe cha tegu kikidungwa ovyo kikamwagika, kinaweza kuleta mzio mkali na kupanda mbegu za vivimbe vipya tumboni.

Kwa nini mgonjwa wa VVU apimwe ini na bandama kwa probu bapa?

Kwa sababu ya kifua kikuu kilichosambaa. Kinga ikiwa chini sana, kifua kikuu huacha vitobo vyeusi vya milimita chache kwenye bandama, wakati mwingine kwenye ini. Probu ya tumbo huweza kuonyesha bandama iliyovimba tu; bapa huonyesha vile vitobo. Mgonjwa asiyeweza kutoa makohozi anaweza kuanzishiwa dawa mapema kwa msaada wa picha hiyo, pamoja na tezi za tumboni na maji kuzunguka moyo au tumboni. Fangasi kwa wagonjwa wa saratani ya damu waliomaliza mzunguko wa dawa nao huleta picha inayokaribiana, ndiyo sababu historia yako ni nusu ya kipimo.

Nasikia madaktari wa upasuaji hupima ini likiwa wazi. Kweli?

Kweli. Tumbo likishafunguliwa hakuna ngozi, mafuta wala mbavu. Probu ndogo ya masafa ya juu kiasi, megahezi 5 hadi 10, huwekwa juu ya ini lenyewe, na karibu ini zima linakuwa "karibu". Huko huonekana vivimbe vya milimita 3 hadi 5 ambavyo havikuonekana popote kabla, na mpango wa upasuaji unaweza kubadilika palepale mezani.

Nijiandaeje?

Usile kwa saa 6 hivi. Maji ya kawaida kidogo na dawa zako za kila siku ruhusa, soda na chingamu hapana, zinaingiza gesi. Mwenye kisukari aombe namba ya asubuhi. Vaa nguo inayofunguka juu ya tumbo. Ukiambiwa "vuta pumzi, bana", bana kweli; ini hushuka sentimita kadhaa kutoka chini ya mbavu, na hizo ndizo ninazozihitaji.

Ina madhara? Inauma?

Hakuna mionzi. Mjamzito anaweza kupimwa. Probu bapa hubonyezwa zaidi kidogo kati ya mbavu, hiyo ndiyo kero yake.

Naweza kumwomba mpimaji atumie probu bapa bila kumkosea adabu?

Unaweza, na hakuna anayepaswa kuona vibaya. Sema tu: "Daktari, nina homa ya ini B, naomba uniangalie na uso wa ini kwa ile probu ya tezi." Ukisema hivyo mapema, kabla jeli haijafutwa, inakuwa rahisi kwa wote wawili.

Nitunze nini nyumbani?

Ripoti zote na picha zote, za zamani kuliko zote zikiwemo. Doa la milimita 9 ambalo lilikuwa milimita 9 miaka mitatu iliyopita ni habari tofauti kabisa na la milimita 9 ambalo halikuwepo mwaka jana, na mimi ninayekupima leo sina njia ya kujua bila karatasi yako. Zile picha nyeusi zinazotoka kwenye printa ya mashine hufifia kwa joto na jua, nimeletewa nyingi zilizobaki kivuli. Zipige picha kwa simu siku hiyohiyo, uhakikishe tarehe na milimita vinasomeka.